Mchungaji William Gregor na metali iliyofichwa mchangani

Vijana wengi wanaopenda baiskeli na kazi za mikono wanasikia siku hizi habari za titani. Wanaambiwa ni metali nyepesi, yenye nguvu, isiyoshika kutu, na bei yake ni kubwa. Wengine wameisikia hospitalini, kwa sababu madaktari huunga mifupa iliyovunjika kwa vibamba na skrubu za titani. Lakini ni wachache wanaojua kwamba mtu wa kwanza kuitambua hakuwa mwenye kiwanda wala profesa wa chuo kikuu. Alikuwa mchungaji wa parokia ya kijijini, na jina lake ni William Gregor.

Tunasimulia maisha yake kwa sababu mbili. Kwanza, alitumia vizuri vipaji viwili kwa pamoja, huduma ya kanisa na uchunguzi wa vitu, bila kuacha kimoja kwa ajili ya kingine. Pili, anayeelewa taabu aliyoipata Gregor na mchanga wake ataelewa pia kwa nini titani ni ghali, na namna ya kuichagua bila kudanganywa.

Mtoto wa Cornwall

William Gregor alizaliwa tarehe 25 Desemba 1761, siku ya Noeli, katika nyumba ya Trewarthenick huko Cornwall. Cornwall ni rasi ya kusini-magharibi mwa Uingereza, nchi ya upepo, bahari na machimbo. Tangu zamani sana watu wa huko walichimba shaba na bati. Bati hilo hutoka katika jiwe la kasiteriti, jiwe lile lile ambalo wachimbaji wa Kivu na Maniema wanalijua vizuri. Mtoto aliyekulia Cornwall alikulia kati ya watu waliozoea kuokota jiwe, kulipima kwa mkono na kuuliza lina nini ndani yake.

Familia yake ilikuwa na mali na heshima. Kaka yake Francis alikuja kuwa mbunge wa Cornwall. William alipelekwa shule mjini Bristol, na huko ndiko alikoanza kupenda kemia. Baadaye aliingia St John's College katika Chuo Kikuu cha Cambridge, akapata shahada ya kwanza mwaka 1784 na ya pili mwaka 1787. Akawekewa mikono kuwa mchungaji wa Kanisa la Uingereza, yaani Anglikana, akatumika kwanza Diptford, katika jimbo jirani la Devon.

Mwaka 1790 alimwoa Charlotte Anne Gwatkin, wakapata binti mmoja. Mwaka 1793 alipewa parokia ya Creed, karibu na alikozaliwa, akakaa huko mpaka kufa kwake. Waliomjua walimjua pia kama mchoraji wa picha za mashamba na vilima, na kama mtu wa muziki.

Mchanga mweusi wa Manaccan

Mwaka 1791, akiwa kijana wa miaka 29, Gregor alipata mchanga mweusi kutoka kijito cha bonde la Manaccan, kusini mwa Cornwall. Kwa macho mchanga ule ulifanana na baruti. Alipousogezea sumaku, ulivutwa. Wengi wangeishia hapo na kusema ni chuma tu. Gregor hakuishia hapo.

Aliutia mchanga katika asidi ya kloridi ili kuondoa chuma chote. Kama ungekuwa chuma peke yake, kazi ingekwisha. Lakini kilibaki kitu kingine, unga wenye rangi nyekundu iliyochanganyika na kahawia, na unga huo ulikuwa karibu asilimia 45 ya uzito wa mchanga wote. Hayo hayakuwa mabaki madogo ya kutupwa. Karibu nusu ya mchanga ilikuwa kitu ambacho hakikuwa katika orodha yoyote ya wanakemia wa wakati ule.

Akaendelea kuujaribu. Unga ule ulipoyeyushwa katika asidi ya salfuri, maji yake yakawa ya njano. Alipotia zinki, bati au chuma ndani yake, yakageuka zambarau. Hakuna metali iliyojulikana iliyofanya hivyo. Basi Gregor akasema kwa unyofu kile alichokiona: kuna metali mpya ndani ya mchanga huu. Akaipa jina la mahali ilipotoka, akaiita menakaniti.

Alimwandikia rafiki yake John Hawkins, mtu aliyekuwa na elimu kubwa ya mawe, na katika mwaka ule ule wa 1791 habari ya uchunguzi wake ikachapishwa katika majarida ya kemia ya Ujerumani na Ufaransa. Hakujigamba. Alieleza hatua kwa hatua alichofanya, ili mwingine aweze kurudia na kuona kama ni kweli.

Kitu kimoja hakuweza kukifanya. Hakuweza kuitoa metali yenyewe. Alichokuwa nacho mkononi kilikuwa titani iliyoungana na oksijeni, na muungano huo ni mgumu kuuvunja. Kwa chuma, mhunzi huwasha makaa, nayo makaa huiondoa oksijeni na kuacha chuma. Kwa titani, makaa hayafai, kwa sababu titani hushikana na kaboni ya makaa yenyewe. Hivyo mtu aliyeitambua metali hii hakuwahi kuiona iking'aa. Aliijua kwa alama zake tu.

Jina kutoka Berlin

Mwaka 1795 mwanakemia wa Berlin, Martin Heinrich Klaproth, alikuwa akichunguza jiwe jekundu liitwalo rutili, lililotoka Hungaria. Naye akakuta metali isiyojulikana. Klaproth alikuwa tayari mtu mwenye sifa, kwa kuwa mwaka 1789 alikuwa ametambua urani na zirkoni. Metali hii mpya akaiita titani, kwa jina la Watitani, ambao katika hadithi za kale za Wayunani walikuwa watoto wa Dunia.

Baadaye Klaproth alipima pia mchanga wa Cornwall, na mwaka 1797 akathibitisha kwamba metali ya rutili na metali ya Gregor ni moja. Hapa ndipo tunapoona uzuri wa wanaume hawa wawili. Klaproth, mwenye jina kubwa, alikiri hadharani kwamba mchungaji wa Uingereza alitangulia. Na ingawa jina lililotumika duniani ni lile la Berlin, vitabu vya kemia mpaka leo vinamtaja Gregor kuwa mgunduzi wa kwanza. Mmoja hakunyang'anya, na mwingine hakupungukiwa.

Akabaki mchungaji

Baada ya ugunduzi kama huo mtu angeweza kuacha kijiji na kutafuta cheo mjini. Gregor alibaki Creed. Aliendelea na ibada, ubatizo, ndoa na mazishi ya watu wake, na saa zilizobaki alizitumia kupima madini. Alikuta titani pia katika korundumu iliyotoka Tibet na katika turmalini ya mgodi wa bati wa huko kwao. Alichunguza topazi na madini mengine mengi ya Cornwall, na Chama cha Jiolojia cha Cornwall kilipoundwa mwaka 1814, alihesabiwa kati ya wanachama wake wa heshima wa mwanzo.

Mwisho wa maisha yake ulikuwa wa ugonjwa. Alishikwa na kifua kikuu, ambacho wakati ule hakikuwa na dawa. Akafariki Creed tarehe 11 Juni 1817, akiwa na miaka 55. Klaproth alikuwa ametangulia kufa tarehe 1 Januari ya mwaka huo huo. Basi wale wawili walioipa dunia titani waliondoka mwaka mmoja, na hakuna hata mmoja wao aliyewahi kushika kipande chake safi.

Mbegu yaota baada ya miaka mingi

Miaka 93 ilipita baada ya kifo cha Gregor. Mwaka 1910, huko Marekani, Matthew Hunter wa Rensselaer Polytechnic Institute alipata titani safi kwa kupasha moto kloridi ya titani pamoja na sodiamu ndani ya chombo cha chuma kilichofungwa kabisa. Lakini kilichopatikana kilikuwa kidogo.

Aliyefungua mlango wa viwanda ni William Kroll, mzaliwa wa Luxembourg. Katika miaka ya 1930 alionyesha kwamba magnesi inaweza kuitoa titani katika kloridi, kazi ikifanyika ndani ya gesi ya argoni ili hewa isiingie. Vita vilipokaribia akahamia Marekani mwaka 1940, na mwaka 1948 titani ikaanza kutengenezwa huko kwa biashara. Tangu Gregor apime mchanga wake ilikuwa imepita miaka 157.

Hapa ndipo siri ya bei yake. Titani si adimu. Katika ganda la dunia ni elementi ya tisa kwa wingi. Mchanga wake ulichimbwa hata Kwale, kusini mwa Mombasa nchini Kenya, kuanzia mwaka 2013 hadi mwisho wa 2024. Sehemu kubwa ya titani inayochimbwa duniani haigeuki kuwa metali hata kidogo. Hubaki imeungana na oksijeni, na hutumika kama unga mweupe wa rangi za kuta, karatasi na dawa ya meno. Anayenunua fremu ya titani halipii uhaba wa jiwe. Analipa kazi ya kuitenga na oksijeni, kuiyeyusha mahali pasipo na hewa, na kuivuta iwe bomba.

Kuchagua titani kwa baiskeli na kazi za mikono

Oksijeni ile iliyomzuia Gregor ndiyo pia inayoilinda titani. Metali hii ikiguswa na hewa, mara moja hujifunika ngozi nyembamba sana ya oksidi, nayo ngozi hiyo huzuia kutu, jasho na maji ya chumvi. Kwa hiyo fremu ya titani haihitaji rangi.

Tuangalie uzito. Sentimita moja ya ujazo ya chuma ina gramu 7.8 hivi, ya titani gramu 4.5, ya alumini gramu 2.7. Titani basi ni nyepesi karibu nusu kuliko chuma. Lakini hupinda kirahisi zaidi pia. Bomba la titani lenye vipimo sawa na la chuma litapinda karibu mara mbili chini ya mzigo ule ule. Ndiyo maana mafundi huitengenezea fremu ya titani mabomba manene zaidi kwa upana. Anayenakili vipimo vya fremu ya chuma na kubadilisha metali tu atapata baiskeli inayoyumba.

Tena, titani si moja. Kwa mtu wa baiskeli na kazi za mikono kuna aina tatu za kujua.

Ya kwanza ni titani safi, na inayotumika zaidi ni daraja la 2. Ni laini, hukubali kukunjwa na kuchomelewa. Inafaa kwa vishikizo, vikombe, mapambo, na vitu visivyobeba mzigo mkubwa. Fremu za kwanza za titani katika miaka ya 1970 zilitengenezwa kwa titani safi. Zilikuwa nyepesi, lakini zililegea, na baadhi zilipasuka.

Ya pili ni daraja la 9, aloi yenye alumini asilimia 3 na vanadi asilimia 2.5. Ilitumika kwanza kwa mabomba ya mafuta ya kuendeshea mitambo ya ndege. Katika miaka ya 1980 watengenezaji wa Marekani kama Merlin na Litespeed waliifanya kuwa metali ya fremu. Nguvu yake ni karibu mara mbili ya daraja la 2, na bado huvutika kuwa bomba lisilo na mshono. Ukitaka fremu, hii ndiyo ya kuuliza kwanza.

Ya tatu ni daraja la 5, yenye alumini asilimia 6 na vanadi asilimia 4. Nguvu yake ni zaidi ya mara mbili na nusu ya daraja la 2, lakini ni ngumu kuivuta iwe bomba. Inafaa zaidi kwa vipande vinavyochongwa: bolti, ekseli, na vipande vya kushikia gurudumu la nyuma. Muuzaji anayesema fremu nzima ni daraja la 5 kwa bei ndogo aulizwe maswali mengi.

Namna ya kutambua si ngumu. Anza na sumaku, kama Gregor alivyoanza. Titani haivutwi. Lakini alumini na baadhi ya vyuma visivyoshika kutu navyo havivutwi, kwa hiyo usiishie hapo. Pima uzito mkononi, kisha gusisha kipande kidogo kwenye jiwe la kunolea la mashine. Titani hutoa cheche nyeupe zenye mwanga mkali, na alumini haitoi cheche.

Katika kuikata, tumia kifaa kikali, mwendo wa polepole, na kimiminika cha kupoza kwa wingi, kwa sababu joto hukaa penye ncha ya kifaa. Vumbi na vinyweleo vyake vinaweza kushika moto. Moto huo usizimwe kwa maji, kwa kuwa maji huuzidisha. Weka karibu ndoo ya mchanga mkavu. Bolti za titani zipakwe grisi maalumu ya kuzuia kung'ang'ania kabla ya kukazwa, na bomba la kiti la alumini lipakwe grisi pia kabla ya kuingizwa katika fremu ya titani, la sivyo vitagandamana visitoke tena.

Kuchomelea ndiko kugumu. Titani yenye moto hunywa oksijeni na naitrojeni ya hewa, na ikishapoa huwa kavu kama kigae. Fundi lazima aifunike kwa argoni nje na ndani ya bomba mpaka ipoe. Kiungo kizuri hung'aa kama fedha. Rangi ya majani makavu bado yavumilika. Buluu au zambarau ni onyo, na kijivu chenye unga mweupe maana yake kiungo kimeharibika. Rangi hizo zinapendeza kwa macho, lakini maisha ya mpanda baiskeli yako juu ya kiungo kile.

Kwa sababu hiyo tuseme wazi: kwa kinga inayobeba magunia ya makaa au mihogo kwenye barabara zetu, chuma bado ni chaguo la busara. Kikivunjika, fundi wa njiani atakichomelea siku ile ile kwa mashine aliyo nayo. Titani ikipasuka mbali na fundi mwenye argoni, haitengenezeki. Inamfaa mwenye safari ndefu bila mizigo mizito, anayekaa karibu na bahari au mvua nyingi, anayetaka fremu ya kudumu na ana mahali pa kuitengenezea. Metali bora ni ile inayolingana na kazi. Sifa pekee haitoshi.

Tunachojifunza

Wako wazazi wanaoogopa kwamba kijana akipenda sayansi atapoa katika imani, na wako vijana wanaodhani kwamba kutumika kanisani ni kuacha vipaji vingine. Maisha ya Gregor yanajibu bila kelele. Alihubiri, na alipima mchanga. Unyofu ulikuwa ule ule mimbarani na mezani penye asidi.

Jambo la pili ni hili. Gregor alipanda asichovuna. Hakuiona fremu ya baiskeli, hakuiona ndege, hakuona mgonjwa akitembea kwa sababu mfupa wake umeungwa kwa titani. Aliandika tu kwa uaminifu kwamba karibu nusu ya mchanga ule ilikuwa kitu kisichojulikana, akaacha maelezo ambayo wengine wangeweza kuyafuata.

Walimu wa vijijini, mafundi wanaofundisha vijana chini ya mti, wachungaji wa parokia zisizotajwa katika mikutano mikubwa: wengi wenu mnafanya kazi ambayo matunda yake yatakuja mkiwa mmekwisha kuondoka. Ifanyeni kwa usahihi. Andikeni mlichokiona. Na mtu mwingine akikuta jambo ambalo mwenzake alilitangulia, amtaje, kama Klaproth alivyomtaja mchungaji wa Creed.